Tororo si soko tu: Mpelekeni mzee akauone mji aliouacha 1970

Mfanyabiashara wa Busia anaweza kuvuka mpaka mara tatu kwa siku na asione chochote zaidi ya foleni, mizani na bei ya mahindi. Tororo, kilomita 30 na kitu kaskazini mwa Busia, kwake ni mahali pa kupakia mzigo na kugeuza. Lakini bomani kwake mwenyewe, iwe ni Samia, Teso, Ugenya au Alego, huenda yuko mzee ambaye Tororo kwake si soko. Ni mji alikopangisha chumba cha kwanza, akaoa na kulea watoto wake wa kwanza.

Wazee wa namna hiyo bado wapo, ila wanapungua. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati Wakenya walipoamriwa kuondoka Uganda mwaka 1970, leo amevuka 70. Familia inayofikiria kumrudisha akatembee haina miaka mingi ya kungoja.

Tororo ulikua kwa reli na saruji. Mwaka 1931 treni kutoka Mombasa ilifika Kampala kwa njia inayopitia hapo, na hapo hapo likachomoza tawi la kwenda Mbale na Soroti. Katika miaka ya 1950 kikafunguliwa kiwanda cha saruji. Watu wa upande wa Kenya walivuka kutafuta kazi katika reli, viwanda na mashamba ya Uganda bila kuona ajabu. Shirika la reli lilikuwa moja, na hadi katikati ya miaka ya 1960 hata pesa mfukoni ilikuwa moja, shilingi ya Afrika Mashariki. Isitoshe, hadi 1902 ardhi inayoitwa leo magharibi ya Kenya ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda.

Mwezi Oktoba 1970 mambo yaligeuka. Serikali ya Rais Milton Obote iliagiza kazi zisizohitaji ujuzi zishikwe na raia wa Uganda. Wakenya wapatao 30,000, wengi wao Wajaluo, walifunga virago. Miaka miwili baadaye Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na maduka ya miji kama Tororo yakabaki bila wenyewe. Mwaka 1976 Amin akadai sehemu ya magharibi ya Kenya, na 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Aliyekuwa ameacha kitanda, baiskeli au deni kwa jirani hakuwa na njia rahisi ya kurudi kuulizia.

Njia hiyo leo ipo, na msomaji wa gazeti hili anaijua kuliko mtu yeyote. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Tangu Februari 2018, kituo cha pamoja cha Busia kimefunguliwa rasmi, na anayeingia Uganda anamalizana na maofisa wa nchi zote mbili katika jengo moja, upande wa Uganda. Kwa mzee mwenye magoti mabovu, kusimama foleni moja badala ya mbili si jambo dogo.

Siku ya safari ni vyema bidhaa zibaki nyumbani. Anayechanganya matembezi na mzigo ataishia kwenye dirisha la forodha huku nyanya na wajukuu wakimngoja juani. Watoto wasio na kitambulisho waulizieni uhamiaji siku moja kabla. Shilingi za Uganda za nauli na chakula zibadilisheni mapema. Na mkumbuke kwamba kule gari linaloitwa matatu huku huitwa teksi, msije mkalipia gari zima kwa kutoelewana.

Kabla ya nyumba za mji kuonekana, mwamba wa Tororo huwa umeshajionyesha. Kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, na hapo ndipo wazee wengi huanza kusema wenyewe bila kuulizwa. Vijana wanaweza kuupanda, sehemu nyingine kwa ngazi za chuma. Siku isiyo na mawingu, Mlima Elgon huonekana kutoka juu. Mzee abaki chini kivulini. Watakaposhuka atawaeleza walichokiona.

Mjini, mpitisheni kwenye maduka ya zamani yenye baraza yaliyojengwa na Wahindi, kisha stesheni ya reli. Reli siku hizi ni ya mizigo, lakini jukwaa alilopandia treni linatosha kumkumbusha. Kiwanda cha saruji bado kinafanya kazi. Msitarajie kuingia bila kupanga mapema, ila kuliona lango kwa nje hakuhitaji barua.

Chumba chenyewe alichoishi huenda hakipo, au kina wenyewe wapya. Hapa ndipo familia inapaswa kuwa na adabu. Kabla ya kubisha hodi, mtafuteni mwenyekiti wa LC1 wa mtaa huo, mmwelezee kuwa hamkuja kudai nyumba wala kiwanja, mmekuja kusalimu. Mgeni anayezungukazunguka akinyoosha kidole kwenye nyumba za watu huzua hofu, hasa katika mji ambao mali zake zimewahi kubadilisha mikono kwa nguvu. Kama kuna kaburi la mtoto au ndugu aliyezikwa huko, swali hilo pia lianzie kwake.

Lugha haitawashinda. Wajopadhola, wenyeji wa Tororo, wanasema lugha iliyo karibu na Kijaluo, kiasi kwamba mzee wa Ugenya anaweza kusalimiana sokoni na mama muuza dagaa bila mkalimani. Wateso wako pande zote mbili za mpaka, na Wasamia vivyo hivyo. Kwingine kote Kiswahili kitafanya kazi. Watoto watafurahia rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai. Mzee ataulizia ugali wa wimbi.

Faida ya safari hii haiwezi kupimwa kwa kilo. Vijana wanaovuka kila wiki wameukuta mpaka ukiwa wazi na wanadhani ndivyo ulivyo siku zote. Mzee anajua kwamba mwaka 1970 haikuhitajika vita wala ukuta kuvunja maisha ya watu 30,000. Agizo la serikali lilitosha. Anayelisikia hilo akiwa amesimama mbele ya chumba cha babu yake ataelewa kwa nini kitambulisho chake kina thamani, na kwa nini sheria za Jumuiya zinamhusu hata asiyependa siasa.

Mkiondoka Busia asubuhi, jioni mtakuwa mmerudi. Chagueni siku isiyo ya soko, mumpe mzee kiti cha mbele karibu na dirisha, na simu ya mmoja wenu iwe tayari kurekodi atakapoanza kusimulia.