Juu ya nini Ziwa Albert linapanda hata kama kwetu haikunyesha sana?

Mwaka wa 2020, wakaaji wa kandokando ya Ziwa Albert waliona maji yakiingia mpaka ndani ya nyumba. Ni mvua ya kwetu tu ilileta maji yote hayo? Hapana. Mambo yalianzia kwenye Bahari ya Hindi, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Bunia.

Maji ya bahari yanatembea, na yanabeba joto. Kwa kawaida, upepo wa kwenye ikweta unasukuma maji ya moto kuelekea Indonesia. Lakini miaka fulani upepo huo unalegea ao unageuka. Hapo maji ya moto yanajaa upande wa Afrika, na kule Indonesia maji ya baridi yanapanda kutoka chini. Mwaka wa 1999 wataalamu waliipa hali hiyo jina la Dipoli ya Bahari ya Hindi, juu ina pande mbili: moja ya joto, moja ya baridi.

Maji ya moto yanatoa mvuke mwingi, sawa vile sufuria juu ya makaa. Mvuke unakuwa mawingu, na upepo unayaleta bara. Mwisho wa 2019 dipoli ilikuwa na nguvu sana. Mvua kubwa ilinyesha Kenya, Tanzania na Uganda, na mwezi wa tano 2020 Ziwa Victoria likapita kipimo cha juu cha mwaka wa 1964.

Sasa, maji ya Victoria yanaenda wapi? Yanatoka Jinja kwa mto Nile, yanapita Ziwa Kyoga, yanaingia Ziwa Albert. Upande wa kusini, mto Semliki nao unaleta maji ya Ziwa Edward. Njo maana ziwa letu linaweza kupanda hata kama Kasenyi ao Tchomia kuko jua.

Lakini kuna jambo la kutusaidia: maji hayo hayaji siku moja. Kati ya mvua za 2019 na mafuriko ya 2020, miezi ilipita. Kwa hiyo, mukisikia kwenye redio kwamba bahari ya upande wa Afrika imepata joto, na Victoria linapanda, musingoje. Wenye nyumba karibu na maji watafute mahali pa juu mapema. Na ziwa likirudi chini, tusikimbilie kujenga palepale: maji yanajua njia yao.