Fuko wa Milima ya Bale

Mtu aliyepata kulima viazi katika miteremko ya Kilimanjaro hana haja ya kuelezwa fuko ni nani, maana si mara moja ameamka akakuta vifusi vya udongo mbichi katikati ya matuta yake. Ila jamaa yake aliye mkubwa kuliko wote ana maskani Uhabeshi, katika milima ya Bale peke yake, penye nyasi fupi baina ya mita 3,000 na 4,150 juu ya bahari, ambako mchana jua huunguza na usiku maji huganda.

Uzito wake hukaribia kilo moja. Meno yake ya mbele, yenye rangi ya chungwa, hutokeza nje hata akifumba kinywa, kwa kuwa midomo hufungana nyuma yake. Hivyo huchimba kwa meno asile mchanga. Lakini ajabu yake hasa ni macho, ambayo yamekaa juu ya utosi mfano wa kiboko, na sababu yake ni rizki: fuko wengine hushiba mizizi huko huko chini, naye hula majani, na majani hayaoti shimoni.

Basi jua likisha kupasha ardhi moto, huchungulia, akatoa kichwa na mabega tu, viungo vya nyuma vikisalia tunduni, akang'oa haraka haraka nyasi zilizo karibu, kisha akarudi kinyumenyume na mzigo wake kinywani. Majani ya pale yakimalizika, huziba tundu kwa udongo akafungua jingine. Aghalabu huwa na ndege mdogo wa kahawia kando yake, anayedonoa wadudu katika udongo uliofukuliwa, na ndege huyo akilia kwa hofu, fuko huzama bila kusita.

Anayeogopwa ni bweha mwekundu, ambaye hulala na kuzunguka mipaka na jamaa zake, lakini kuwinda huwinda peke yake, kwani fuko mmoja ni tonge la mtu mmoja. Hunyatia tumbo likigusa nyasi, akaganda mbele ya tundu kama jiwe, masikio mbele, mpaka utosi utokeze. Akikosea hatua, hufukua kwa ghadhabu, na mara nyingi huondoka hana kitu ila udongo puani.