Maji ya mvua yakisuasua bombani, maradhi hayako mbali

MVUA ya masika inaponyesha kwenye milima ya Nandi na Kericho, wakazi wa Awasi na uwanda wote wa Kano hujua kwamba maji yako njiani. Wasilojua wengi ni kwamba afya yao hutegemea pia mabomba yaliyofukiwa chini ya barabara.

Mtu huinama, akaona mwanga upande wa pili, akasema, "Halijaziba." Lakini bomba linaweza kuwa wazi na bado likashindwa na kazi yake.

Maji hupita yakisugua kuta za bomba. Kuta zikiwa laini, huenda mbio, zikikwaruza, husuasua. Mwaka wa 1889 mhandisi wa Ireland, Robert Manning, alitoa kanuni ya kukadiria jambo hilo, na ingali inatumika. Saruji laini hupewa kipimo cha karibu 0.013, na bati lenye mikunjo karibu 0.024. Hivyo, mabomba yakiwa na upana na mteremko sawa, la bati hupitisha karibu nusu tu ya maji yanayopita katika lile la saruji.

Katika uwanda tambarare kama Kano taabu huzidi. Mteremko ukipungua mara nne, kasi ya maji hupungua kwa nusu. Maji yakienda polepole, mchanga na tope hutua. Tope hilo hulifanya bomba liwe jembamba na likwaruze zaidi, kasi hupungua tena, na tope huongezeka. Mvua kubwa ikija, maji hukosa njia na kurudi nyuma hadi vyooni na visimani.

Hapo ndipo maradhi huanza. Choo cha shimo kikifurika, uchafu huingia kisimani na kuleta kipindupindu na homa ya matumbo. Nayo maji yakituama baada ya mvua, mbu wa malaria huhitaji siku zipatazo 10 tu kukua kutoka yai hadi kuruka.

Ufanye nini? Mitaro na midomo ya mabomba isafishwe kabla ya masika, si baada ya mafuriko. Tope lililotolewa lipelekwe mbali. Likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza hulirudisha. Chupa za plastiki na maganda ya miwa yasitupwe mtaroni. Usiingie ndani ya bomba, hasa mvua inaponyesha. Kazi hiyo waachie mafundi wa kaunti.

Mafuriko yakifika, chemsha maji ya kunywa au yatie dawa, na ulale ndani ya chandarua. Mtu akiharisha maji mfululizo, mpe maji yenye chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku ukimkimbiza hospitalini.

Safari nyingine, usitosheke na kuona mwanga. Tazama pia tope limepanda kiasi gani.