Niliyoyaona Korea: taifa linalosoma kwa lugha yake

Alhamisi moja ya Novemba kila mwaka, Korea Kusini hujipanga upya kwa ajili ya watahiniwa. Benki na ofisi nyingi huchelewa kufunguliwa kwa saa moja ili barabara zisifurike magari. Polisi huwakimbiza kwenye vituo vya mtihani vijana waliochelewa. Mchana, ndege haziruki wala hazitui kwa dakika 35, watahiniwa wapate kusikia vizuri sehemu ya Kiingereza. Hiyo ndiyo siku ya Suneung, mtihani wa kuingia vyuo vikuu, unaoanza asubuhi na kumalizika jioni.

Nilikuja huku kufundisha Kiswahili chuo kikuu, muhula ulipofunguliwa mwezi Machi, baridi ikiwa bado inauma. Lugha yetu si ngeni kwa Wakorea. Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, kilichoanzishwa mwaka 1954, kimekuwa kikiifundisha tangu miaka ya 1980, na leo masomo yake ya Afrika hutolewa katika kampasi ya Yongin, kusini mwa Seoul. Wapo maprofesa wa Kikorea waliotumia maisha yao yote ya kazi kuchambua ngeli na kusoma fasihi yetu.

Jambo la kwanza lililonigusa darasani ni ukimya. Dar es Salaam, swali moja la mwalimu huzaa mabishano ya robo saa. Hapa, ukiuliza, vichwa vyote vinainama. Kipindi kikiisha, wale wale waliokuwa kimya wanakufuata mmoja mmoja, daftari mkononi, kila sentensi ya ubaoni imenakiliwa, na maswali yao ni mazito. Wanachokwepa ni kukosea mbele ya wenzao. Nilipowapanga wawili wawili wazungumze wao kwa wao, darasa lilichangamka.

La pili ni heshima. Mwanafunzi humkabidhi mwalimu kazi yake kwa mikono miwili, ameinama kidogo. Umri, na mwaka mtu aliojiunga na chuo, huamua nani amsemeshe nani kwa lugha ipi. Vijana wa kiume hukatiza masomo kwenda jeshini kwa takriban mwaka mmoja na nusu, na wakirejea wanakuwa kaka wakubwa wa darasa. Kwa watu waliolelewa hivyo, shikamoo haihitaji maelezo marefu. Siku ya Walimu ni tarehe 15 Mei, siku ya kuzaliwa ya Mfalme Sejong, aliyewapa Wakorea alfabeti yao. Kwa kuwa sheria ya kuzuia rushwa iliyoanza kutumika mwaka 2016 imebana zawadi kwa walimu, shukrani hutolewa kwa maneno na kwa wimbo.

Lakini sifa hizi zina gharama, na anayezitaja bila kuitaja gharama hiyo anawadanganya wasomaji. Watoto wengi wakitoka shule huenda kwenye vituo binafsi vya masomo ya ziada, viitwavyo hagwon. Jijini Seoul ilibidi sheria iamuru vifungwe saa nne usiku. Utawaona watoto usiku kwenye mabasi, wamesinzia na mabegi mapajani. Walimu nao wameelemewa: mwaka 2023, kufuatia kifo cha mwalimu kijana wa shule ya msingi, makumi ya maelfu ya walimu waliandamana Seoul wakidai walindwe dhidi ya wazazi wanaowaandama.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo ningependa kila Mtanzania alione. Mwaka 1446, Mfalme Sejong alitangaza alfabeti ya Hangul ili watu wa kawaida waweze kusoma. Wajapani waliitawala Korea kuanzia mwaka 1910 hadi 1945, na kuelekea mwisho wa utawala wao walikiondoa Kikorea shuleni. Baada ya uhuru kilirudishwa, na leo mtoto wa Kikorea hujifunza hesabu, fizikia na kemia kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Kiingereza anakisoma kwa bidii, kama somo. Tarehe 9 Oktoba ni sikukuu ya kitaifa ya Hangul.

Kwetu Tanzania, mtoto wa shule ya serikali husoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakabidhiwa vitabu vya Kiingereza na wengi wananyamaza. Wakati huo huo, vichwa vya treni za umeme vya reli yetu ya kisasa, SGR, vimetoka kwa Hyundai Rotem, kampuni ya nchi inayofundisha fizikia kwa Kikorea.

Tusiige masomo ya usiku wa manane. Watoto wetu wanahitaji kulala na kucheza. Tuige namna Wakorea wanavyomheshimu mwalimu na kuiamini lugha yao. Wenye dhamana ya elimu wasiogope kukipeleka Kiswahili sekondari na vyuoni, wakitanguliza vitabu na walimu walioandaliwa vizuri. Kiswahili kinafundishwa Yongin. Hakishindwi kufundishia Dodoma.