Chombo Kisicho na Mwongozo

Mtu mzima anapoonekana ameinamia meza, brashi nyembamba mkononi, akikipaka rangi kichezeo kisichozidi urefu wa kidole, aghalabu watu humcheka. Huulizana: je, huyu hana kazi? Nami nauliza: kati yake na wanaomcheka, ni nani aliyejifunza kutazama?

Mnamo mwaka 1990, kampuni ya Iron Crown Enterprises ya mji wa Charlottesville, jimbo la Virginia, Marekani, ilitoa mchezo uitwao Silent Death, uliobuniwa na Kevin Barrett. Wachezaji husogeza vyombo vya vita vya anga za mbali juu ya ramani yenye pembesita, na dadu huamua nani atanusurika na nani ataangamia. Vyombo hivyo ni sanamu ndogo ndogo. Toleo jipya lilitoka mwaka 1995, lakini mwaka 2000 kampuni ilifilisika. Leo, hata miongoni mwa mashabiki wa hadithi za kisayansi, wengi hawalijui jina la mchezo huo.

Linganisha na chombo kiitwacho X-wing cha filamu ya Star Wars ya mwaka 1977. Anayekipaka rangi anajua mapema mistari myekundu hukaa wapi. Filamu imekwisha kumwambia. Sanamu ya Silent Death haikutanguliwa na filamu yoyote. Anayeishika ameachiwa macho yake tu.

Kazi huanza kwa kukwangua mshono ulioachwa na kalibu, kisha hupakwa rangi ya msingi ili rangi za juu zishike. Chombo halisi cha mita kumi kingejitupia vivuli vyake chenyewe. Kwenye hiki cha sentimita chache vivuli hivyo havionekani wazi. Kwa hiyo mpakaji huvibuni. Huzimua rangi nyeusi kwa maji, akaiacha itiririke hadi katika mifereji na viungo. Halafu huchovya brashi katika rangi iliyo nyeupe zaidi, akaifuta kwenye kitambaa hata ikaribie kukauka, akaipitisha juu juu ili kingo zilizoinuka pekee zing'ae.

Mbinu hizo hujifunzwa kwa siku chache. Ugumu uko kwingine. Mwinuko huu ni kioo cha rubani, au ni tangi la mafuta? Tundu hili ni injini, au ni mdomo wa mzinga? Mpakaji hukigeuza chombo mkononi, akakiinua kwenye mwanga, hata atambue kwamba uzito wote umewekwa nyuma. Basi injini ziko huko. Joto liko huko. Masizi nayo yatakuwa huko. Akifika hapo ameanza kuielewa nia ya mchongaji ambaye hakuwahi kuonana naye. Huko ndiko kuhakiki.

Yanamhusu nini mwalimu haya? Yanamhusu sana. Wanafunzi wetu wengi huingia katika mtihani wa fasihi wakiwa wameusoma mwongozo mara tatu, na riwaya yenyewe hawajaimaliza hata mara moja. Wanajua maudhui ni matano na wanayakariri kwa nambari. Wape shairi wasilolijua, na kalamu zitasimama. Si kwamba hawana akili. Hawajawahi kuachwa peke yao mbele ya kitu kisicho na maelezo.

Najua nitajibiwa kwamba muda ni mfupi na mtihani hausubiri. Ni kweli, na simlaumu mwalimu mwenye darasa lililofurika. Mwongozo nao una faida yake kwa aliyekwisha kuisoma kazi yenyewe. Lakini mwanafunzi aliyezoea kuonyeshwa kila kitu atakuwa raia wa kuonyeshwa kila kitu, na waonyeshaji wengine hawana nia njema.

Kwa hiyo, mwalimu, tenga kipindi kimoja kwa muhula. Weka mezani kitu kidogo kisicho na sifa wala jina, kisha waambie wanafunzi waandike wanachokiona na sababu ya kukiona hivyo. Usiwape majibu. Dakika za kwanza zitakuwa za kimya kizito. Vumilia. Mpakaji naye hukitazama chombo chake kwa muda mrefu kabla ya kuilowesha brashi.