Kwa nini barabara huchimbwa ili kuwekwa taa za trafiki

MAKUTANO ya barabara yanapochimbwa jijini Nairobi ili kuwekwa taa mpya za trafiki, madereva wanaotoka Westlands, Lavington na Kilimani huuliza swali moja: Mbona msongamano uongezwe ili upunguzwe?

Jibu limo chini ya lami. Taa inayoonekana kwenye mlingoti ni sehemu ndogo tu ya mtambo. Nyaya za umeme na za mawasiliano hupitishwa ndani ya mabomba yanayokata barabara kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha huunganishwa kwenye kabati la mitambo kando ya njia. Kazi hiyo haiwezi kufanywa bila sehemu ya barabara kufungwa kwa muda.

Kiini cha tatizo ni mizunguko, kama ile ya Uhuru Highway. Kanuni ya mzunguko ni kumpisha aliyekwisha kuingia. Magari yanapozidi, anayetaka kutoka huzuiwa na foleni iliyo mbele yake, naye huwazuia walio nyuma. Punde si punde pande zote hufungana.

Mnamo 2015, serikali ya kaunti chini ya Gavana Evans Kidero ilijaribu kutatua hali hiyo kwa kuziba njia za kugeukia kwa mapipa. Hatua hiyo ilizua malalamiko mengi.

Mamlaka ya Barabara za Mijini (KURA) imeelekea kwenye teknolojia. Mradi wake unaofadhiliwa kwa mkopo kutoka Korea Kusini unalenga makutano 25 katika awamu ya kwanza.

Taa za kawaida hutoa sekunde zile zile hata barabara ikiwa tupu. Katika mfumo wa kisasa, vitambuzi huhesabu magari na kompyuta hurefusha au kufupisha muda wa taa ya kijani. Aidha, makutano jirani huunganishwa ili magari yanayoachiliwa hapa yasikwame pale.

Hata hivyo, mtambo hauwezi kufaulu peke yake. Kwa miaka mingi, wakazi wa Nairobi wameona taa ikiwaka nyekundu huku afisa wa polisi akiashiria magari yapite. Afisa huona makutano yake tu. Akiachilia foleni ndefu kwa dakika nyingi, huyajaza makutano yanayofuata. Kwa kuwa dereva hutakiwa kumtii afisa, taa hubaki kuwa pambo.

Anayeumia zaidi ni mtu wa miguu. Taa humtengea zamu yake ya kuvuka, lakini afisa anayeshughulikia magari pekee humwacha akimbie katikati ya matatu na bodaboda.

Kwa hivyo, mitaro ikishafukiwa, kazi itakayosalia ni ya polisi na madereva: kuiacha taa ifanye kazi yake.