Gari dogo la telekomandi: plastiki ni rahisi, kazi iko kwenye nyaya

Watoto wa Goma, Bukavu na Bunia wanajua kujiundia gari: waya, kopo la sardini, vifuniko vya chupa badala ya magurudumu, na fimbo ndefu ya kulisukuma na kulikatisha kona. Mbali na hapo, mjini Shizuoka nchini Japani, kampuni ya Tamiya inatengeneza gari ambalo nalo mnunuzi analiunga mwenyewe, kipande kwa kipande. Tofauti ni kwamba hapa fimbo imegeuka kuwa mawimbi ya redio.

Tamiya iliuza gari lake la kwanza la aina hiyo mwaka wa 1976, mfano mdogo wa Porsche 934. Leo, mtu anayeanza mchezo huu mara nyingi anashauriwa kuchukua TT-02, gari lililotoka mwaka wa 2013. Ni dogo mara kumi kuliko gari la kweli, na moteri yake moja inazungusha magurudumu yote manne.

Kuunga plastiki hakumshindi mtu mwenye subira, kwa sababu kitabu kinaonyesha kila skrubu kwa mchoro. Shida inaanza pale nyaya zinapotoka kwenye mfuko. Waya mmoja ukigeuzwa, kifaa cha bei kinaweza kuungua kwa dakika moja, na batri ikitendewa vibaya inaweza kuchoma nyumba.

Vifaa vitano, kila kimoja na kazi yake

Gari la mtoto la dukani lina kibao kimoja tu cha umeme. Kikiharibika, gari linatupwa. Katika gari la kuunga, kila kifaa kinasimama peke yake: kikifa kimoja, kinabadilishwa hicho tu.

Vifaa hivyo ni vitano: batri, moteri, servo inayogeuza magurudumu ya mbele, kipokezi kinachosikia telekomandi, na kidhibiti mwendo ambacho wachezaji wanakiita kwa herufi tatu, ESC. Matoleo mengi ya TT-02 yanakuja na moteri na ESC. Telekomandi na kipokezi chake, servo, batri na chaja vinanunuliwa kando. Anayelipa bila kusoma ubavu wa sanduku anaweza kufika nyumbani na gari lisiloweza kutembea.

Njia ya umeme ni fupi. Batri inaingia kwenye ESC, na ESC inapima kiasi cha kupeleka kwa moteri kulingana na kidole cha dereva. ESC hiyohiyo inatoa umeme mdogo, wa volti 5 au 6, unaolisha kipokezi na servo. Kwa hiyo kipokezi hakihitaji batri yake ya pembeni.

Servo inaingizwa kwenye tundu la kwanza la kipokezi, ESC kwenye la pili. Kila plagi ina nyaya tatu: mweusi au kahawia ni hasi, mwekundu wa katikati ni chanya, na mweupe, wa njano au wa rangi ya chungwa unabeba amri. Kipokezi kina alama zinazoonyesha upande wa kila waya. Kuzitazama kunachukua nusu dakika.

Servo iwashwe kabla ya kufungwa

Kosa linalojulikana zaidi la anayeanza ni kufunga servo ikiwa imelala popote ilipotoka kiwandani. Gari likikamilika, magurudumu yanatazama kushoto wakati usukani wa telekomandi uko katikati, na inabidi kufungua nusu ya kazi.

Utaratibu ulio salama ni kuunganisha kila kitu juu ya meza kwanza, kabla ya kufunga chochote ndani ya gari. Kitufe cha kusawazisha usukani kinawekwa kwenye sifuri, telekomandi inawashwa, kisha ESC. Servo inajipeleka yenyewe katikati. Hapo ndipo mkono wake unafungwa ukiwa umenyooka. Tofauti ndogo inayobaki inamalizwa kwa kitufe cha kusawazisha.

Jambo lingine ni mwisho wa safari ya usukani. Magurudumu yakifika mwisho huku servo ikiendelea kusukuma, inalia kama nyuki, inapata moto na meno yake yanaweza kukatika. Telekomandi nyingi zina sehemu ya kupunguza safari hiyo upande wa kulia na wa kushoto. Inapunguzwa mpaka mlio unyamaze.

ESC inafundishwa kidole cha dereva

ESC haijui mapema wapi kidole kimetulia na wapi kimevuta mpaka mwisho. Baadhi zinajipima zenyewe zinapowashwa, mradi kidole kisiguse kitu. Nyingine zinafundishwa kwa kitufe: kidole kikiwa kimetulia, kikivuta mpaka mwisho, kisha kikisukuma mpaka mwisho wa breki. Kitabu cha kila ESC kinaeleza mpangilio wake.

Kazi hiyo inafanywa gari likiwa limewekwa juu ya sanduku, magurudumu yakiwa hewani. Gari linaloruka ghafla mezani linavunjika kabla halijaona barabara.

Dereva akivuta mbele na magurudumu yakazunguka nyuma, dawa inategemea moteri. Moteri ya kawaida yenye brashi ina nyaya mbili, na kuzibadilishana kunatosha. Moteri isiyo na brashi ina nyaya tatu, na kubadilishana mbili kati yake kunageuza mzunguko. Lakini ikiwa ina pia waya mwembamba wa sensa, zile tatu lazima zifuate herufi A, B na C. Hapo hakuna kubadilisha.

Nyaya za batri hazina msamaha huo. Chanya ikiingia upande wa hasi, ESC nyingi zinakufa palepale. Mafundi wa simu wa Goma na Butembo wanaijua sheria hii: kwanza kipimo, baadaye umeme.

Gari lisilosikia lisimame

Telekomandi za zamani za megahezi 27 zilitumia kristali, na madereva wawili wenye kristali sawa waliingiliana. Za leo za gigahezi 2.4 zinatambulishwa na kipokezi chake, ndiyo maana magari mengi yanaweza kukimbia pamoja.

Antena ya kipokezi ni waya mwembamba ambao haukatwi hata ukionekana mrefu. Ncha yake inasimamishwa ndani ya kijiti cha plastiki, mbali na moteri na nyaya nene za batri.

Mwisho, gari linafunzwa la kufanya likipoteza mawimbi. Jaribio ni rahisi: magurudumu yakiwa hewani na yakizunguka polepole, telekomandi inazimwa. Yakisimama, vema. Yakiendelea, gari hilo lisiwekwe chini, kwa sababu siku moja litakimbilia miguu ya mtu. Kwa sababu hiyohiyo telekomandi inawashwa kwanza na kuzimwa mwisho.

Batri ndiyo yenye hatari

Kuna batri za aina mbili. Ya nikeli, inayoitwa NiMH, ina seli 6 za volti 1.2, jumla volti 7.2. Inavumilia makosa na inamfaa anayeanza. Ya lithiamu, LiPo, ina seli 2 za volti 3.7, jumla 7.4. Ni nyepesi na ina nguvu, lakini haisamehi.

Seli ya LiPo haipiti volti 4.2 ikijaa, na haifai kushuka chini ya volti 3. Ndiyo maana ESC lazima ijue aina ya batri iliyo ndani. Nyingine zina kijipini cha kuhamisha, na nyingine hazina kinga ya lithiamu kabisa, hivyo zinabaki na nikeli.

Chaja ya LiPo ni ile inayosawazisha seli. Batri ya mAh 3000 inachajiwa kwa ampea 3, karibu saa moja, juu ya sakafu isiyoshika moto, mtu akiwa karibu. Haiachwi usiku kucha, hata mahali ambapo umeme unakatika na watu wamezoea kuacha kila kitu kwenye prizi wakingoja urudi. Batri iliyovimba haichajiwi tena.

Kwa msomaji wa Congo, batri hiyo si kitu cha kigeni kabisa. Batri nyingi za LiPo zinatumia kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Congo, hasa upande wa Kolwezi na Lualaba. Madini yanatoka hapa kwa tani, yanarudi kwa gramu ndani ya simu na vitu vya kuchezea.

Mzunguko wa kwanza uwe mfupi: dakika tano, kisha gari linazimwa na kidole kinawekwa juu ya moteri na ESC. Kikivumilia joto, batri inaweza kurudishwa. Kisipovumilia, kuna gia inayobana au waya uliofungwa vibaya, na ni afadhali kuutafuta wakati huo kuliko baada ya moshi.